Mtoto anakua, kiti hakikui

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hawa wanafunzi wanaotengeneza vifaa vya watoto wenye ulemavu. Tunaziona picha zao, mtoto kakalishwa kwenye kiti kipya, vijana wamemzunguka wanatabasamu, mgeni rasmi yupo pembeni. Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo na nasema kwa moyo wote hao vijana waendelee, wanafanya kazi ambayo watu wazima wengi wameikwepa. Ila kuna kitu hakisemwi, mtoto anakua na kiti hakikui.

Asiyeishi na hili jambo anaweza kudhani kiti ni kiti tu. Mtoto asiyeweza kuushikilia mwili wake mwenyewe, ukimpa kiti ambacho kikalio chake ni kirefu kuliko mapaja, nyonga zinateleza mbele, mgongo unapinda, kichwa kinaanguka kifuani, na hapo hata kumlisha inakuwa hatari maana chakula kinaweza kupita njia ya hewa. Kikimkaa sawasawa, yaani makalio yamerudi mpaka nyuma, magoti yamekunjwa vizuri, nyayo zimekanyaga kibao, unaona kabisa kichwa kinatulia na mikono inakuwa huru kushika kijiko. Tofauti ni sentimita chache, na hizo sentimita mtoto anaziongeza kabla hata waliomtengenezea hawajahitimu.

Sisi tulipewa kiti cha mbao kizuri mno, kimepigwa msasa hadi kinateleza, sponji safi, mikanda imara. Kibao cha miguu kiligongomelewa misumari na gundi juu yake. Mwanangu aliporefuka magoti yakaanza kupanda juu, mkanda wa kifuani ukawa unamkaa tumboni, nikapiga ile namba tuliyoachiwa na kijana akanijibu kwa heshima tu kwamba keshamaliza masomo na wenzake wametawanyika. Simlaumu yeye hata kidogo. Lakini mchoro wa kiti haukuwepo popote, na wanafunzi wadogo zake waliobaki pale hawakujua hata kama kiti hicho kiliwahi kutengenezwa. Na dawa yake ilikuwa rahisi, matundu kadhaa kwenye zile nguzo za pembeni na bolti mbili, basi kibao kinashushwa nyumbani na mzazi mwenyewe kwa spana.

Wapo waliolifikiria hili mapema. Ile mikono ya plastiki inayochapwa kwa printa ya 3D, yaani mashine inayojenga umbo la plastiki kutoka mchoro wa kompyuta, ilianza na fundi seremala wa Afrika Kusini, Richard van As, aliyekatwa vidole kazini mwaka 2011, akashirikiana na Mmarekani Ivan Owen wakiwa mbali mbali, halafu michoro wakaiachia bure kwa kila mtu. Mtoto mwenye kiganja na kifundo cha mkono kinachokunjika akikikunja, nyuzi zinavuta vidole vinafumba. Akikua ule mkono ukawa mdogo, mchoro unapanuliwa kwenye kompyuta unachapwa mwingine. Kwangu mimi hicho ndo kitu kikubwa kuliko hata mkono wenyewe, mchoro ulibaki.

Na sio lazima iwe printa. Kuna viti vya kadibodi vinavyobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, ufundi uliokuzwa Zimbabwe, vikikauka vinabeba mtoto vizuri tu mradi visilowe. Kwa mtoto anayekua haraka hicho naona kina akili kuliko kiti cha gharama, kikimbana unatengeneza kingine kwa vipimo vipya. Kuna pia vile vigari vya betri vya kuchezea, wanafunzi wanahamisha swichi ya mguuni wanaweka kitufe kikubwa kwenye usukani, mtoto asiyetembea anakibonyeza anajiendesha mwenyewe. Cole Galloway, mtaalamu wa viungo aliyeeneza kazi hiyo akiwa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alikuwa anasisitiza kwamba mtoto anajifunza dunia kwa kuifuata mwenyewe, na mimi nakubaliana naye asilimia mia.

Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kuna nchi maskini ambako wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Kwa pengo kama hilo kila kiti kinachotelekezwa stoo kinauma sana.

Sasa ombi langu kwa walimu wanaosimamia hizi kazi. Msigawe maksi zote siku ya makabidhiano, bakizeni sehemu mpaka wanafunzi warudi kumwona mtoto baada ya miezi kadhaa, wapime upya, waangalie ngozi kama ina wekundu pale mikanda inapogusa, wamuulize mama kinachomsumbua. Mtaalamu wa viungo awepo tangu siku ya kwanza ya kupima, sio aitwe kuja kupiga makofi. Mtoto anayeweza kuongea aulizwe anataka nini, kuna watoto wanatengenezewa kiti cha kusomea wakati wanachokitaka wao ni kukaa chini sakafuni wacheze na wenzao. Halafu kila mtoto awe na faili lake pale shuleni au chuoni, lenye vipimo, mchoro na tarehe, wakimaliza hawa wanawakabidhi wanaofuata, na namba ya simu tunayopewa wazazi iwe ya idara, sio ya mwanafunzi.

Mzazi, msomaji wako wa siku nyingi