Anayeanza bingo ya hela aulize kwanza hela inatokaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na hawa wanaotaka kuanza kucheza bingo ya mtandaoni kwa hela, maana kila nikipita nakuta wanaulizana swali moja tu, nitashindaje, na majibu wanayopewa mengi hayana kichwa wala miguu. Mtu anaambiwa chagua kadi yenye namba hizi, cheza saa fulani, namba ambazo hazijatoka muda mrefu ndo zinakaribia kutoka. Hili linaniuma kweli, kwasababu anayeumia ni yule ambaye ndo kwanza anafungua akaunti na hajui hata hela yake ikishaingia inatokaje.

Tuanze na mchezo wenyewe. Unanunua kadi yenye namba, namba zinatajwa moja moja, na zile zilizo kwenye kadi yako zinawekwa alama. Aina zipo nyingi ila mbili ndo zimetawala. Ile ya namba 90 inayochezwa sana Uingereza, kadi yake ina mistari mitatu ya kulala na safu tisa za kushuka, kila mstari una namba tano, jumla 15, na zawadi zinatoka mara tatu: wa kwanza kumaliza mstari mmoja, kisha mistari miwili, kisha anayemaliza kadi nzima ndo anachukua fungu kubwa. Ile ya namba 75 ni ya Marekani, kadi yake ni tano kwa tano, katikati unapewa bure kwahiyo unabaki na namba 24 za kusubiri, na ushindi unaweza kuwa mstari au umbo fulani lililotangazwa kabla au kadi yote. Namba zinatolewa na programu, na sehemu nyingi kadi inajialamisha yenyewe, yaani hata ukiinuka ukaenda kunywa maji kadi zako zinaendelea na ukishinda hela inaingia kwenye akaunti bila wewe kubonyeza kitu. Sasa hapo mtu ajiulize, mbinu ya kushinda itakaa wapi? Ukishanunua kadi na raundi ikaanza, kazi yako imeisha.

Kinachobadilisha nafasi yako ni hesabu moja tu, kadi zako ngapi kati ya kadi zote zilizouzwa kwenye raundi hiyo. Kama zimeuzwa 300 na wewe una 6, nafasi yako kwenye kadi nzima ni kama asilimia 2, basi. Ukienda kwenye chumba, yaani ule ukumbi wa mtandaoni raundi inapochezwa, chenye watu wachache nafasi inapanda ila na zawadi inashuka mana zawadi inatokana na hela za hao hao wanaonunua kadi, na kampuni inakata chake kwanza kabla ya mtu yeyote kulipwa. Ndomaana ukijumlisha wachezaji wote wa chumba kimoja kwa muda mrefu, wametoa hela nyingi kuliko walizorudishiwa. Hii haina ubishi na haihitaji kampuni iwe ya wizi, hata iliyo safi kabisa inafanya kazi hivyohivyo.

Kuna hili la kununua kadi sita kwa pamoja kwenye bingo ya 90. Zile sita zimepangwa ili namba zote kuanzia 1 mpaka 90 ziwemo, kila moja mara moja tu, kwahiyo kila namba itakayotajwa utaikuta kwenye kadi yako mojawapo. Mgeni anapenda sana, skrini haitulii, kila sekunde chache kitu kinawaka, anaona leo namba zinamfuata yeye. Lakini namba kuwaka sio ushindi, ushindi ni 15 za kadi moja ziishe kabla ya kadi ya mtu mwingine, na hapo bado uko kwenye ile ile 6 kati ya 300, na umelipa mara sita.

Alafu ile hali ya kubakiza namba moja. Chumbani kuna sehemu inaonyesha kadi yako imebakiza namba ngapi, na pembeni kwenye sehemu ya kuchati watu wanaandika nimebakiza moja, nimebakiza moja, moyo unakwenda mbio, inatajwa nyingine, mtu mwingine anashinda. Anayeanza anatoka pale anaamini alikuwa karibu na kwamba raundi inayofuata ni yake. Ukweli ni kwamba chumba kikiwa na kadi mamia, wakati mmoja anamaliza ni kawaida kabisa kukuta kadi kadhaa zimebakiza moja na nyingi zimebakiza mbili, hivyo ndivyo mchezo ulivyo kila raundi, na raundi mpya namba zote 90 zinarudi upya, hakuna kinachobebwa kutoka ile iliyopita. Programu haikumbuki kwamba 37 haijatoka tangu asubuhi. Namba haidaiwi na mtu.

Hapohapo niseme na hii nadharia wanayoiita ya Tippett, jina limetoka kwa mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, ambayo inasambazwa kama siri: eti kwenye bingo ya 75 mchezo ukiwa mrefu chagua kadi zenye namba za karibu na 38, ukiwa mfupi chagua za karibu na 1 na 75. Inasikika kisomi. Ila kila namba ina nafasi moja kati ya 75 kutoka ya kwanza, na 38 haina upendeleo wowote kuliko 74, na ile 38 ni namba ya katikati tu ya 1 mpaka 75, wastani wa namba zilizotoka unavutwa hapo lakini wewe hulipwi kwa wastani, unalipwa kwa namba zilizo kwenye kadi yako. Anayekuuzia hiyo kwa hela anakuibia kabla hata hujacheza.

Na jakpoti, hii ndo inayovuta wengi. Utaona imeandikwa kwa maandishi makubwa, maliza kadi nzima ndani ya namba 40 za kwanza uchukue jakpoti. Nimepiga hesabu na yeyote aliyesoma hesabu za uwezekano anaweza kuirudia: kwa bingo ya 90, kadi moja kumalizika ndani ya namba 40 ni nafasi moja kati ya milioni 1 na laki moja na kidogo. Wakikuongezea mpaka namba 45 inakuwa moja kati ya 132,000 na ushee, wakifika 50 inakuwa moja kati ya 20,000 na kidogo. Mnaona namba tano tu zinavyobadilisha mambo? Kwahiyo anayeanza asiangalie ukubwa wa jakpoti, aangalie imewekwa ndani ya namba ngapi, hiyo ndo habari yenyewe na mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo chini.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndo limenifanya niandike, hela kutoka. Mtu anafungua akaunti, anaweka 100, anaambiwa hongera umepewa bonasi ya 100 nyingine, anaona 200 kwenye skrini na anaamini ana 200. Hana. Ile bonasi ina sharti la kuizungusha, tuseme mara 30, maana yake lazima ucheze dau za jumla ya 3,000 ndipo bonasi na ulichoshinda kwayo viweze kutoka. Tuchukulie mchezo huo kwa wastani unarudisha 75 kwa kila 100 inayochezwa, basi kuzungusha 3,000 kunakula 750 kwa wastani, na wewe hata ukijumlisha na bonasi una 200 tu. Hesabu imekataa kabla hujaanza. Na kuna masharti mengine yanajificha humo, kwamba michezo fulani haihesabiwi kwenye kuzungusha, kwamba una siku kadhaa tu alafu bonasi inafutwa, kwamba kuna kiwango cha juu cha kutoa hata ushinde vipi, na sehemu nyingine ukiomba kutoa hela yako mwenyewe mapema bonasi yote na ushindi wake vinaondoka. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mkali kidogo ila nausimamia: kataa bonasi ya kwanza. Kuna sehemu ya kuikataa wakati wa kuweka hela, itafute. Cheza na hela yako tu, ili ukishinda kitu kidogo ujue ni chako na kinatoka.

Na kabla hujaweka hata senti, maliza uhakiki wa akaunti. Watakutaka kitambulisho, anwani, wakati mwingine uthibitisho wa njia ya malipo. Kuna kampuni zinakuruhusu uweke hela muda huohuo lakini kitambulisho wanakidai siku unapotaka kutoa, na hapo picha haionekani vizuri, tuma tena, jina halifanani, subiri, na wakati unasubiri hela iko pale pale kwenye akaunti inakuangalia, kitufe cha kucheza kipo na cha kughairi ombi la kutoa kipo pia. Wengi wanaghairi. Nimeona mtu wa karibu yangu akighairi usiku wa manane baada ya kusubiri siku nzima, na asubuhi hakukuwa na cha kutoa tena. Kwahiyo jina la akaunti lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi, na uhakiki uishe kwanza.

Leseni pia. Chini kabisa ya ukurasa kunatakiwa kuwe na jina la mamlaka na namba ya leseni. Usiamini nembo, nembo mtu yeyote anabandika, nenda kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe utafute jina la kampuni. Gambling Commission ya Uingereza na Malta Gaming Authority zote zina orodha ya wazi. Na leseni ya nchi nyingine haimaanishi kwamba kampuni imeruhusiwa kuhudumia watu wa nchi yako, hilo nalo liangaliwe, mana ukidhulumiwa utalalamika kwa nani?

Kitu kingine ambacho hakisemwi. Bingo yenyewe ni ya polepole, raundi inakula dakika kadhaa, hela haiwezi kwisha haraka sana. Ila angalia skrini vizuri, pembeni ya kadi kuna vimashine vya sloti, ile kamari ya kuzungusha picha, vidogo vina rangi nzuri, unaweza kuvicheza huku raundi inaendelea, na kila mzunguko ni sekunde chache tu. Mtu amekuja na bajeti ya bingo, kadi zinajialamisha zenyewe, mikono haina kazi, anagusa sloti. Hela nyingi za wageni zinapotelea hapo na wakiulizwa wanasema bingo imewala. Funga hiyo sehemu kama inafungika, au usiiguse kabisa.

Kikomo cha kuweka hela kiwekwe siku ya kwanza, kabla ya raundi ya kwanza, kampuni zenye leseni za maana zinayo hiyo sehemu kwenye akaunti, na kiwe hela ambayo ikipotea yote hakuna bili wala ada ya mtoto itakayokwama. Usicheze kwa mkopo hata siku moja. Uingereza walipiga marufuku kutumia kadi za mkopo kwenye kamari tangu Aprili 2020 na walikuwa na sababu, walishaona watu wanavyozama. Kulekule kuna huduma ya bure inaitwa GAMSTOP, mtu anajifungia mwenyewe asiweze kucheza kwenye kampuni zote za mtandaoni zenye leseni ya huko kwa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5. Kama kwenu hakuna kitu cha namna hiyo, angalau kwenye akaunti tafuta sehemu ya kujifungia, ujue iko wapi ukiwa bado na akili timamu, sio usiku umeshapoteza na unatafuta kurudisha.

Ombi langu kwako mhariri ni hili. Mkiandika habari za michezo hii, au mkipokea tangazo lake, msiishie kwenye kiasi cha jakpoti. Wekeni na namba ngapi za kuifikia, bonasi inazungushwa mara ngapi, na kutoa hela kunachukua siku ngapi, kwa herufi za ukubwa uleule wa jakpoti.

Ni mimi msomaji wenu.