Wito wa Harambee: Tuinusuru Nyumba ya Ukoo Ujiji Kabla ya Mvua

Assalaam aleykum, ndugu, jamaa na wana wa Ujiji popote mlipo.

Ukuta wa magharibi wa nyumba ya babu zetu umepasuka. Mvua za Novemba zikiukuta hivi ulivyo, utaanguka. Tunaomba mtushike mkono.

Wengi mnaijua: ile ya matofali ya udongo yenye baraza ndefu na mlango wa nakshi, walikosomea Kurani watoto wa mtaa mzima bila mtu kuulizwa kabila lake. Wazee wetu waliijenga wakati Ujiji ingali mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Njia hiyo ilipitisha vitambaa, chumvi, pembe za ndovu, na pia watu waliofungwa minyororo. Hilo hatulifichi, na watoto wetu lazima walijue. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 iliishia Kigoma, na biashara ikaifuata. Nyumba kubwa za Ujiji zikaanza kuporomoka moja moja.

Wageni huletwa hapa kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Ni vyema. Lakini nyumba ya mtu wa Ujiji mwenyewe, aliyewapokea wageni wote hao, wataiona wapi?

Kilichoumiza ukuta ni lipu ya saruji. Ukuta wa udongo hupumua. Saruji ikiuziba, unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea. Fundi alipobandua kipande kwa patasi, udongo wa ndani ulikuwa umelowa, unafinyangika mkononi, na boriti ya juu ya dirisha ilikuwa imeliwa na mchwa hadi imebaki ganda. Kwa hiyo saruji yote itatolewa, tutaziba kwa matofali mabichi ya udongo uleule, kisha tupige lipu ya udongo na kupaka chokaa. Paa litapata bati jipya na mifereji ya kupeleka maji mbali na msingi. Mlango hautabadilishwa. Wamekuja watu kutaka kuununua, familia imekataa.

Chumba cha mbele kitabaki madrasa. Cha pili kitakuwa mahali pa wanafunzi kujisomea jioni, maana wengi nyumbani hawana hata meza.

Tunahitaji fedha, chokaa, bati, misumari na mbao za mninga. Mlioko Dar es Salaam, Tabora na Bujumbura, wapeni michango jamaa zenu wa hapa waifikishe kwa mweka hazina wa kamati. Kila Ijumaa baada ya sala tutasoma barazani kilichoingia na kilichotumika, hadi shilingi ya mwisho.

Mlio karibu, kazi ya kusomba udongo ni Jumamosi asubuhi. Njooni na majembe na ndoo. Chai na mihogo kina mama wameshaahidi.