Shukuru, naomba uje Jumamosi

Makambako, Jumanne usiku

Shukuru, kamwene!

Najua unanidai salamu tangu Pasaka. Sisi wazima, Baba Imani mguu umepona, mvua ndiyo haijatuacha. Mengine tutaongea ukija.

Jana nimegombana na bosi. Kugombana nimeongeza chumvi, nilimwambia, akacheka. Unazikumbuka lumbesa za viazi, yale magunia ya kujaza kupita kiasi? Enzi zako ilikuwa inazidi debe moja. Siku hizi gunia likijaa linashonewa kilemba cha neti juu, vijana wanashindilia kwa magoti. Wiki iliyopita nikawaambia wapandishe moja kwenye mzani: kilo 143! Sheria inataka lisizidi 100. Na mimi daftarini nikaandika "gunia 1", kama ninavyoandika mwaka wa tatu huu. Unajua lilikuwa la nani? La shangazi. Alisimama pale khanga imelowa, anaitazama kalamu yangu. Akapokea hela, akanishukuru.

Sikulala. Nikafungua Mathayo 18, pale pa kumwendea ndugu yako kwanza mkiwa wawili tu. Bosi ni mzee wa kanisa, tunashiriki meza moja, siwezi kuanzia kwa watu wa Wakala wa Vipimo. Nikaenda. Akasema madalali wa Dar hawaligusi gunia la kilo mia, na ushuru wa halmashauri unahesabiwa kwa gunia, kwa hiyo magunia yakiwa machache kila mtu anapona. Mkulima anaponaje, na hizo kilo arobaini na kitu anazitoa bure? Halafu akaniuliza, mabati ya kanisa nadhani yalitoka wapi. Hapo nikanyamaza. Siku yanaletwa hata mimi nilipiga vigelegele.

Sasa hatua inayofuata ya Mathayo ni kwenda na mtu mmoja au wawili. Sanga ana mkopo kwake, anaogopa. Mama Neema ni redio, kabla ya saa sita Njombe nzima itakuwa na habari. Umebaki wewe. Daftari lile ulilishika kabla yangu, hawezi kukuambia hujui biashara. Namtaka anunue kwa kilo, basi. Mzani si anao, umefunikwa turubai tu!

Na mimi mwenyewe je... Zakayo alisema atarudisha mara nne. Kwa mshahara huu hata mara moja siwezi, lakini kalamu ilikuwa yangu. Nimeanza kuandika kilo pembeni kwa penseli, bosi hajaona. Akiona, ada ya Imani ya Julai sijui. Tuliache hilo.

Jumamosi utapata nafasi? Nauli ya kutoka Mafinga nitakurudishia. Au nimwone mchungaji kwanza? Hivi wewe uliwahi kumwambia bosi, ndiyo maana ukaacha kazi ghafla vile? Mbona hukuniambia? Na shangazi analeta magunia mengine wiki ijayo, nimwandikie nini?

Wako,
Atu