Mdogo wangu, mpeleke mkeo mkale

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka Dar. Sisi ni wazima, watoto wanakusalimu, na shemeji yako bado anasubiri zile picha za mtoto ulizomwahidi.

Nakuandikia hadharani kwa sababu swali uliloniuliza Krismasi tulipokuwa nyumbani si lako peke yako. Uliuliza mbele ya baba wadogo na vijana wote: "Kaka, hivi shemeji hapiki mpaka na wewe uingie jikoni?" Watu wakacheka, nikakujibu kwa kifupi, mazungumzo yakaenda kwingine. Lakini usiku ule ule ukanieleza jambo jingine, kwamba wewe na mkeo siku hizi mkikaa mnaongea ada na kodi ya nyumba tu. Nikakuuliza mara ya mwisho mlikula wapi pamoja. Ukanyamaza. Kwangu mimi hayo mawili ni jambo moja, na ndilo ninalotaka tuzungumze.

Tazama wiki yako inavyokwenda. Asubuhi supu na chapati na wenzako wa kazini. Mchana kwa mama lishe. Jumamosi nyama choma na marafiki, ndizi za kuchoma na pilipili pembeni, mpaka usiku uingie. Mkeo muda wote huo anakula kilichobaki kwenye sufuria baada ya kumlisha mtoto. Sikulaumu kwa kupenda supu, nami naipenda. Ninachosema ni kwamba kila ladha nzuri unayokutana nayo, unakutana nayo yeye hayupo. Halafu ukirudi unakuta ugali na mchicha, unalalamika kwamba chakula cha nyumba hii hakibadiliki. Kitabadilika vipi, ikiwa anayepika hatoki na anayetoka hapiki?

Mimi na shemeji yako tulianzia Coco Beach. Yeye alikuwa amevuka kutoka Unguja kuja kusoma, mimi ndiyo kwanza nimepata kazi na fedha za hotelini sina. Tulinunua muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati na kujazwa chachandu, na mishikaki michache, tukakaa kuelekea baharini. Nilikuwa nasubiri aseme ni vitamu. Yeye akaonja ile chachandu taratibu, akaniambia siki imezidi, kwao uchachu huo wangeutafuta kwenye embe bichi. Nilimpenda pale pale. Tangu jioni ile hatujawahi kula mahali bila mmoja wetu kuuliza, hiki kimetiwa nini?

Baadaye akanipeleka kwao. Boti ya mwendo kasi inachukua kama saa mbili, na jioni tulikuwa kwenye bustani ya Forodhani, penye wauza vyakula, mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo wakati huo lilikuwa bado zima. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Nilikunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Nikamtazama kijana akinyoosha donge la unga mpaka likawa jembamba, akatia nyama ya kusaga, kitunguu na yai, akalikunja pande nne na kulikaanga juu ya chuma: hiyo ndiyo pizza ya Zanzibar. Mimi nilikuwa nimeridhika kabisa. Shemeji yako akasema, "Hapa tumekuja kutembea. Twende ukale."

Tukaingia vichochoroni, kwenye kibaraza cha mama mmoja mwenye sufuria ya urojo. Nikikumbuka bakuli lile mate yananijaa mpaka leo. Rojo la njano lenye uchachu wa embe bichi, ndani yake viazi vya kuchemsha, bhajia za dengu, kachori, na vipande vya mshikaki. Juu yake chatne ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa chipsi nyembamba za muhogo. Kila kijiko kina kitu laini na kitu kinachokwaruza meno, kina uchachu na kina ukali. Watu wa ofisini wanasimama, watoto wa shule wanasimama, wote na mabakuli yao. Nikamuuliza yule mama swali letu, naye akanijibu kwa upole mpaka akamaliza, huku akiendelea kuwahudumia wengine.

Turudi Dar. Tuliamua kuupika urojo wenyewe, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mama mkwe alitutumia maelezo kwa sauti kwenye WhatsApp, sauti moja kwa kila hatua. Maembe mabichi unayachemsha mpaka yalegee, unayaponda na kuyachuja. Unga wa ngano, kidogo tu, unaukoroga pembeni kwa maji baridi usifanye madonge, ndipo unaumimina kwenye yale maji ya embe pamoja na manjano na chumvi. Unakoroga bila kuacha mpaka ladha ya unga mbichi iondoke, na rojo libaki jepesi la kunyweka. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Bado kuna viazi vya kuchemsha, dengu za kuchanganya, kachori za kuviringa, nazi ya kukuna na kusaga na pilipili na kotmiri, muhogo wa kukata mwembamba kama karatasi na kukaanga. Mtu mmoja akivifanya vyote hivyo peke yake, anachoka kabla hajaonja. Wawili mkigawana, mmoja kwenye karai na mwingine kwenye kinu, kazi inakwenda na midomo inabaki na nafasi ya kuongea.

Na tunaongea, mdogo wangu. Mambo ambayo hatungeyasema tukiwa tumekaa sebuleni tukitazamana, tunayasema mikono ikiwa na kazi. Habari ya kiwanja cha Kibaha tuliimaliza tukikaanga bhajia. Msiba wa kwao, alipokuwa bado hawezi kuutaja jina, alianza kunisimulia akiwa ananipa mgongo, anakuna nazi. Mimi nikaendelea kumenya viazi, nikasikiliza.

Sasa nirudi kwenye swali lako la mwanaume kuingia jikoni. Hebu fikiri, ile nyama ya Jumamosi nani anaichoma? Mwanaume. Nani anakaanga chipsi mayai kwenye vibanda vya mji mzima? Vijana wa kiume. Pale Forodhani waliosimama nyuma ya meza wengi ni wanaume. Kwetu Moshi ndafu ya harusi, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inaandaliwa na wanaume, wanakesha nayo kwenye moto, na hakuna aliyewahi kuwacheka. Kwa hiyo wanaume tunapika, na tunapika vizuri, ila tunawapikia wateja na wageni. Mke peke yake ndiye tunayeona aibu kumpikia. Nimelitafuta jibu la hilo muda mrefu na sijaona hata moja linalosimama. Mke ndiye anayestahili kuwa wa kwanza.

Shemeji yako naye alijifunza vya kwetu. Alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama alishuka kutoka Moshi na ndizi mshare kwa ajili ya mtori, na mama mkwe akavuka na pilipili manga kwa ajili ya uji wa mzazi. Wazee wawili kwenye jiko moja dogo la Tabata, kila mmoja akionja cha mwenzake! Mtori ule shemeji yako hakuwahi kuusahau. Kwao ndizi alizozizoea ni za nazi, zenye sukari na iliki. Ndizi zilizopondwa na nyama ya mifupa lilikuwa jambo geni. Leo anaupika kuliko mimi. Jumapili anakwenda Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, anachagua mshare zilizokomaa ambazo hazijaanza kuiva. Tunapaka mafuta mikononi utomvu usishike, tunamenya, tunachemsha nyama kwanza mpaka ilegee, ndizi zinaingia kwenye supu yake. Zikiiva, nyama inatolewa, mimi naponda kwa mwiko mpaka laini, yeye anarudisha nyama na kutia siagi kidogo. Aliwahi kutia pilipili manga punje chache, za mama yake. Usimwambie mama, lakini unakuwa mtamu zaidi.

Najua utaniambia habari ya fedha. Kula nje si lazima iwe hoteli yenye vitambaa vyeupe. Tulishakwenda moja ya ufukweni, ya bei hasa. Tukasubiri mpaka njaa ikapita, samaki akaja mkavu. Wiki iliyofuata tukamnunua samaki wa aina ile ile Feri, kwenye soko la samaki, na kumpika nyumbani, na jambo hilo likaishia hapo. Utaratibu wetu ni huu: mwisho wa mwezi, mshahara ukishatoka, tunatoka sisi wawili, na tunapokezana kuchagua mahali. Yeye akichagua mimi sipingi, hata kama ni mahali nisipopajua. Kila mmoja anaagiza kitu tofauti, tunakula kwa pamoja. Kikitupendeza, kabla mwezi haujaisha kiwe kimepikwa nyumbani. Wali na maharage ya nazi ya mama lishe wa Kariakoo vimeingia kwetu kwa njia hiyo, na bei yake inalipika na mtu yeyote mwenye kazi kama yako.

Ukitaka pa kuanzia, anza na samaki wa kupaka, maana kuchoma unakujua tayari. Mchukue changu mzima mwenye macho angavu na matamvua mekundu. Hapa sisi tunakwenda Feri asubuhi, vijana wanatupalia pale pale. Mchanje ubavuni, mpake kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na ndimu, akae kidogo. Mkeo aandae tui zito na ukwaju, manjano na pilipili, kwenye moto mdogo, akikoroga muda wote, kwa sababu tui likiachwa lichemke lenyewe linakatika. Wewe mchome samaki kwenye mkaa, na akianza kuiva mpake lile tui, mgeuze, mpake tena, mpaka ukwaju na nazi vishike ngozi na vianze kupata rangi. Hapo mmoja hawezi kuondoka akaangalie mpira. Mnasimama wote, mmoja na bakuli, mwingine na koleo.

Sisi siku za kazi tunapika kwa gesi, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania tuwe huko ifikapo 2034. Naunga mkono kabisa. Nakumbuka kifua cha bibi yetu na moshi wa kuni. Gesi ndiyo inayomwezesha mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili kuwasha jiko na kuanza kazi bila kupuliza chochote. Lakini jiko moja la mkaa tumelibakiza uani kwa ajili ya samaki huyo, na kwa ajili ya wali wa nazi wa Ijumaa, ambao shemeji yako anaupalia makaa juu ya kifuniko, na ukoko wake watoto wanagombania.

Mwezi ujao mnashuka Dar kwenye harusi ya binamu. Fikeni Ijumaa, msisubiri Jumamosi. Usiku ule ule mwachieni shemeji yako mtoto, mchukue mkeo uende naye Coco, wawili tu, mle muhogo. Jumamosi asubuhi mapema tutakwenda Feri sote wanne kabla joto halijapanda, na jioni baada ya harusi hakuna atakayekuwa na njaa, kwa hiyo mtori tutaupika Jumapili. Njooni na ndizi mshare, mkungu mmoja unatosha, na mmwombe dereva wa basi asiuweke karibu na injini.

Kaka yako.