Risala ya Kikundi cha Wachuuzi wa Dagaa na Mawese kwa Mgeni Rasmi: Tunaomba Gati

Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo, na karibu sana ufukweni kwetu Ziwa Tanganyika, tumefurahi mno kwamba safari hii umekuja mwenyewe, hukutuma mwakilishi.

Historia tutaipitia haraka maana jua kali. Meli yetu Liemba Wajerumani waliiunda kwao Papenburg 1913, wakaifungua, ikaja Dar kwenye makreti kama 5,000, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi isije ikatekwa vitani, ila mashine walishaipaka grisi, ndo maana Waingereza walivyoiibua 1924 ikatengenezeka, Mei 1927 ikarudi kazini na mvuke wake ukapiga kazi mpaka miaka ya 70 ilipofungwa dizeli.

Kikundi nacho kimepiga hatua kubwa za kupigiwa mfano, tuna mzani wetu, turubai na daftari la akiba lisilo na deni.

Sasa mheshimiwa tuje kwenye lililotuleta, gati. Liemba ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu kule Zambia, sehemu nyingi ilikuwa inasimama mbali majini, inapiga honi hata saa nane usiku, maboti yanakimbilia kugombania ubavu wa meli, wimbi linapandisha boti linashusha, mama anamnyanyua mtoto anampa mtu asiyemjua pale mlangoni halafu ndo anadandia yeye, na gunia la dagaa likiteleza basi, mtaji umeenda. Wajawazito na wazee wamepita hapohapo.

Viongozi waliopita walituahidi hili gati, wengine zaidi ya mara moja, na tukawapigia makofi. Mmoja akaleta wapimaji wakapigilia vigingi, vikaoza, tukapigilia vingine wenyewe ili alama isipotee. Kwa heshima zote mheshimiwa, meli iliyozamishwa 1916 iliibuliwa baada ya miaka 8, sisi tuliopiga makofi siku ile ya kwanza saivi tuna wajukuu.

Meli iko kwenye matengenezo, kwa hiyo muda ndo huu kabla haijarudi. Hatuombi bandari, tunaomba gati fupi tu, meli ifunge kamba, ngazi ishushwe, mtu atembee kwa miguu yake. Mawe na mchanga tutasomba, eneo tumeshatenga. Kwako leo tunaomba mwezi ambao injinia atafika, uutamke hapa mbele ya wanachama na katibu wetu aandike.

Tunaomba kuwasilisha.