Anayeibiwa ni mkimbiaji mwenzake

Mhariri,

Ruth Chepngetich, mkimbiaji wetu wa marathoni, alipofungiwa miaka mitatu Oktoba 2025 kwa dawa zilizokatazwa michezoni, hapa Iten ulizuka tena ule utetezi wetu wa kila mara: mtoto wa maskini afanye nini, pesa zenyewe ni za Wazungu, na isitoshe wote wanatumia, aliyenaswa kakosa bahati tu. Wanaosema hivyo si vijana wa mtaani. Ni wazazi wenye watoto kwenye kambi za mazoezi ya riadha.

Hebu tuulizane pesa zinatoka mfukoni mwa nani. Mwaka 2014 Mkenya mwenzetu Rita Jeptoo alishinda mbio za Boston Marathon huko Marekani, akalipwa. Septemba mwaka huo huo sampuli yake ikakutwa na EPO, dawa ya kuongeza damu, na baadaye taji la Boston likafutwa. Bingwa akawa Buzunesh Deba, aliyemaliza wa pili kwa saa mbili, dakika 19 na sekunde 59. Bingwa wa karatasi, kwa sababu alikuwa amelipwa pesa za nambari mbili. Waandaaji walitaka kwanza Jeptoo arudishe alizochukua. Aprili 2024, miaka kumi baadaye, Deba alikuwa bado anadai dola 100,000, ikiwemo bonasi ya kuvunja rekodi ya mbio hizo. Ilibidi mfanyabiashara mmoja wa Marekani aone aibu, ampe dola 75,000 zake binafsi.

Deba si Mzungu. Ni binti wa Arsi, Ethiopia, nyanda za juu kama hizi zetu. Boston haikupungukiwa na kitu: watu walishashangilia, wafadhili walishajitangaza. Aliyepunjwa ni mwanamke aliyeamka alfajiri kukimbia, sawa na hao tunaowatetea. Basi huo umaskini unampa nani haki ya kumwibia nani?

Simwonei huruma mwizi, ila sikatai kwamba hayuko peke yake. EPO hupewa wagonjwa wa figo. Haiuzwi dukani pamoja na unga na sukari. Ni ya sindano, hukaa kwenye friji, kwa hiyo kuna aliyeitoa hospitalini au famasia, na kuna aliyedunga. Sheria yetu ya mwaka 2016 dhidi ya dawa hizi michezoni inawagusa hao pia, mpaka kifungo. Lakini majina tunayosoma gazetini wiki baada ya wiki ni ya wakimbiaji. Wauzaji wanaendelea na biashara.

Wenye mamlaka waanzie huko. Na waandaaji wa mbio wamlipe kwanza aliyeporwa, halafu wao ndio wamfuate aliyepora. Wao wana mawakili. Aliyeporwa ana raba zake tu.

Mwalimu mstaafu,
Iten, Elgeyo-Marakwet