Aliyevuta waya naye akumbukwe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tumkumbuke mwenzetu, mwalimu wa kompyuta, tuliyemzika Ujiji hivi karibuni. Wasifu uliosomwa makaburini ulitaja shule alizosoma na vyeo alivyoshika. Haukugusa kazi aliyoipenda kuliko zote: kujitolea kuandaa kumbi za makongamano ya kompyuta, kwanza akiwa mwanafunzi Marekani miaka ya 1980, kisha kwenye warsha za hapa nyumbani.

Vijana wajue zama zenyewe. Kongamano la kwanza la SIGGRAPH, la michoro ya kompyuta, lilifanyika Boulder, Colorado, mwaka 1974. Mwaka huohuo Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo kizazi chake kilijifunza ugenini, kikarudi na ujuzi wa mikononi.

Enzi hizo mtoa mada alikuja na slaidi za milimita 35, yaani vipande vya filamu kwenye fremu ndogo, vilivyopangwa kwenye trei ya projekta. Marehemu alishika kila slaidi picha ikiwa wima, akatia nukta kona ya chini kushoto, kisha akaigeuza kichwa chini. Nukta zote zikikaa juu kulia, trei iko sawa. Trei ya slaidi 140 aliikataa, kwani nafasi zake ni finyu na fremu ya karatasi iliyojikunja hukwama katikati ya mhadhara. Alitumia ya 80. Balbu ya projekta hakuigusa kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huacha doa, doa hupata joto kupita sehemu nyingine za kioo, balbu ikapasuka.

Umeme ulikuwa mtihani mwingine, hasa Kigoma iliyotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Kompyuta nyingi za msaada zilikuwa na swichi ndogo nyekundu kwa nyuma ya kuchagua volti: 115 au 230. Alizizungukia zote na bisibisi kabla ya mtu kuchomeka chochote, maana moja ikiachwa kwenye 115 hulipuka papo hapo. Vifaa visivyo na swichi aliviwekea transfoma, ila alionya kwamba transfoma hushusha volti, haibadili hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Feni iliyoundwa kwa hezi 60 huzunguka polepole kwenye hezi 50 zetu, na mashine huchemka.

Umahiri wake hasa ulikuwa kwenye mtandao wa kebo nyembamba ya koaksia. Kipande kimoja kisizidi mita 185 wala kompyuta 30, na kati ya kiunganishi kimoja cha T (kinachounga kompyuta na kebo) na kingine pawe na nusu mita au zaidi. Kila mwisho wa kebo hufungwa kizibo cha omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Kimoja kikitoka, mawimbi hurudi nyuma na ukumbi mzima unakatika, si kompyuta moja. Mafundi wengi walinunua kebo ya antena ya televisheni kwa sababu inafanana nayo kwa macho. Ile ni ya omu 75, na mtandao wake huwa wa kubahatisha: leo unashika, kesho haushiki, na lawama anabebeshwa mwalimu wa watu.

Kupima kwake kulikuwa kwepesi. Zima mashine zote, weka multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye mdomo wa T yoyote. Ikisoma omu 25 hivi, vizibo vyote viwili vipo. Ikisoma 50, upande mmoja umekatika. Sogea T kwa T mpaka upajue palipokatika. Na anayetaka kuondoa kompyuta yake achomoe T kwenye mashine, kamwe asichomoe kebo kwenye T. Hilo alilirudia hadi watu wakamchoka.

Kebo hizo sasa ni chuma chakavu, lakini warsha bado zinachelewa saa nzima kwa sababu projekta haikujaribiwa na soketi hazitoshi. Tunawaomba waandaaji wa warsha, Kigoma na Tabora, wamlipe mtu mmoja nauli na posho afike ukumbini siku moja kabla, na jina lake liandikwe kwenye ratiba pamoja na ya watoa mada.

Walimu wa kompyuta,
Kigoma